Kichwa cha Mtoto Aliye Tumboni: Picha Hupima Nini?



Mama akitoka katika chumba cha altrasaundi, ndugu zake humwuliza swali moja tu: ni wa kike au wa kiume? Ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza kichwa cha mtoto kimefikia sentimita ngapi. Hata hivyo hilo ndilo jambo ambalo mpimaji amelishughulikia kwa makini zaidi, nalo limeandikwa kwenye karatasi aliyopewa mama, kwa herufi ambazo aghalabu hakuna aliyemweleza maana yake.

Siku hizi baadhi ya akina mama wamesikia kwamba picha ya tumbo inapima ubongo. Wanatuuliza kliniki: "Nesi, mwanangu atakuwa na akili?" Wengine wameambiwa kichwa ni kidogo, au ni kikubwa, wakarudi nyumbani na hofu, na hofu hiyo ikawapeleka kwa watu wa kuwauzia dawa zisizo na kazi. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tueleze kipimo hiki hufanywaje, husema nini, na kwa nini mama anayekuja mapema hupata jibu na mama anayekuja mwezi wa nane mara nyingi hulikosa.

MAWIMBI YA SAUTI, SI EKSIREI

Altrasaundi hutumia sauti. Ni sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Kile kipande cha mashine anachokishika mpimaji hutoa sauti hiyo, ikaingia tumboni, ikagonga mwili wa mtoto na kurudi kama mwangwi unavyorudi mlimani. Mashine hugeuza mwangwi kuwa picha. Mfupa huonekana mweupe, maji huonekana meusi, na nyama laini kama ubongo huonekana za kijivujivu. Yale mafuta mazito ya baridi anayopakwa mama si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na mashine, maana sauti hiyo haipiti vizuri kwenye hewa.

Zamani, daktari aliyetaka kujua ukubwa wa kichwa tumboni alilazimika kupiga eksirei. Katika miaka ya 1950 huko Uingereza, Daktari Alice Stewart alionyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani ya utotoni zaidi ya wenzao. Mwaka 1958 Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza kazi yao ya kutazama tumbo kwa sauti. Walianza na chombo cha viwandani cha kutafutia nyufa ndani ya vyuma! Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, Daktari Stuart Campbell alieleza njia bora ya kupima upana wa kichwa cha mtoto kwa sauti hiyo, na tangu hapo kichwa kikawa kipimo cha kila siku. Tunayasema haya kwa sababu bado tunakutana na wazee wanaowakataza binti zao kupiga picha wakidhani ni eksirei. Si eksirei. Inapofanywa kwa sababu ya matibabu na mtu aliyefundishwa, haijaonekana kumdhuru mtoto.

MPIMAJI ANATAFUTA NINI

Ubongo wenyewe hatuuweki kwenye mizani. Tunalipima fuvu linaloufunika, kwa sababu fuvu la mtoto halijashikamana na hukua kwa kusukumwa na ubongo ulio ndani. Ubongo ukikua, fuvu hupanuka, na ubongo ukikwama fuvu nalo hukwama.

Mpimaji hutafuta mkato mmoja maalumu wa kichwa, ambapo nusu mbili za ubongo zinaonekana sawa na mstari wa katikati umekaa wima. Akiupata, hupima upana kutoka upande mmoja wa kichwa hadi wa pili, na hiyo ndiyo BPD kwenye karatasi yako. Halafu huzungusha mstari kufuata fuvu lote kupata mzingo wa kichwa, ambao huandikwa HC. Chini yake kuna AC, mzingo wa tumbo la mtoto, na FL, urefu wa mfupa wa paja. Sisi tunauamini mzingo kuliko upana. Mtoto aliyetanguliza matako, kwa mfano, huweza kuwa na kichwa kirefu chembamba, upana ukaonekana mdogo na mama akatishwa bure, kumbe mzingo ni mzuri kabisa.

Kwa wastani mzingo wa kichwa huwa karibu sentimita 10 katika wiki ya 14, sentimita 17 na nusu wiki ya 20, karibu 28 wiki ya 30, na karibu 34 mimba ikitimia. Utaona kwamba mwanzoni kichwa hukimbia, zaidi ya sentimita moja kwa wiki, na mwishoni hupunguza mwendo hadi nusu sentimita au chini ya hapo. Lakini kupungua kwa mwendo wa fuvu kusikudanganye. Katika wiki ya 34 ubongo wa mtoto una uzito wa karibu theluthi mbili tu ya ule atakaozaliwa nao mimba ikitimia. Theluthi iliyobaki hujengwa katika wiki sita za mwisho. Hii ni sababu moja ya sisi kutopenda mtoto atolewe mapema bila sababu ya kweli.

Kwenye mashine nzuri, mpimaji mzoefu hutazama pia ndani. Hupima vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo, ambavyo kwa kawaida havifiki milimita 10. Hutazama ubongo mdogo wa nyuma, ambao una tabia ya ajabu: mpaka karibu wiki ya 24, upana wake kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Ipo pia mashine kubwa ya MRI inayouonyesha ubongo vizuri zaidi, lakini hiyo inapatikana katika hospitali chache kubwa, na kwa mtoto aliye tumboni hutumika mara chache sana.

TATIZO LETU KUBWA NI TAREHE

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi hapa Songea. Kipimo cha kichwa peke yake hakina maana yoyote mpaka ujue mimba ina wiki ngapi. Sentimita 24 na nusu ni kichwa kizuri kwa wiki ya 26, na ni habari mbaya kwa wiki ya 30.

Tukimwuliza mama siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, mara nyingi tunajibiwa kwa kalenda ya shamba. "Tulikuwa tunapanda mahindi." "Ilikuwa kabla ya kuchuma kahawa." Hatumcheki mtu, kwa maana hata sisi tumelelewa kwa kalenda hiyo. Lakini kupanda mahindi kwetu huanza Novemba na kwa wengine hufika Januari, na katikati hapo kuna wiki nane. Mwingine alikuwa bado ananyonyesha na hedhi haikuwa imerudi, hivyo hana tarehe kabisa.

Tuchukue mfano. Mama anafika kwa mara ya kwanza akidhani ana wiki 30. Picha inaonyesha mzingo wa sentimita 24 na nusu, na chati inataka karibu 28. Je, ubongo wa mtoto umekwama, au mama amekosea mwezi mmoja? Picha hiyo moja haiwezi kujibu, hata kama mpimaji ni bingwa. Inabidi mama arudi baada ya wiki tatu. Kichwa kikiwa kimefika karibu 27, basi kinakua kama kinavyotakiwa na tarehe ndiyo iliyokosewa. Kikiwa kimeongezeka nusu sentimita tu, basi kuna jambo, na mama huyo anahitaji daktari wa uzazi. Lakini atarudi? Kama ametoka Tunduru au vijiji vya mwambao wa ziwa, na nauli ya kwanza ameikopa, sote tunajua ugumu wake. Na kurudi baada ya siku tano hakusaidii, maana kosa dogo la mpimaji ni la milimita kadhaa na laweza kumeza ukuaji wote wa siku hizo.

Mama huyohuyo angekuja kabla ya wiki ya 14, mtoto angepimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, na umri wa mimba ungejulikana kwa tofauti isiyozidi wiki moja hivi. Akija kati ya wiki ya 16 na ya 21, tofauti ni kama siku 10. Akija baada ya wiki ya 28, tofauti yaweza kufika wiki tatu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24. Picha hiyo ya mapema ndiyo inayozipa maana picha zote zitakazofuata. Akina baba, hapa tunawaomba sana: fedha mnayoiweka akiba kwa ajili ya picha ya mwezi wa nane ya kujua kama ni wa kiume, itumieni mwezi wa tatu au wa nne.

CHATI IMETOKA WAPI

Wapo wanaotuambia kwamba chati hizi ni za Wazungu na kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili. Swali hili ni la haki. Kwa miaka mingi chati zilizotumika zilitoka kwa akina mama wa Ulaya na Marekani. Ili kulijibu, uchunguzi ulioitwa INTERGROWTH-21st ulifanyika katika sehemu nane za dunia, mojawapo ikiwa Parklands mjini Nairobi na nyingine Muscat, Oman, pamoja na sehemu za Brazil, China, India, Italia, Uingereza na Marekani. Walichaguliwa akina mama wenye afya na wenye chakula cha kutosha, wakapigwa picha kila wiki tano, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Vichwa vya watoto wa Nairobi na vya Oxford vilikua kwa namna iliyokaribiana sana. Uchunguzi mwingine wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2017, Kongo ikiwamo, uliona tofauti kiasi kati ya nchi na nchi katika makisio ya uzito, kwa hiyo wataalamu hawajamaliza kubishana. Hapa kwetu Tanzania, huko Korogwe mkoani Tanga, wajawazito walifuatiliwa kwa altrasaundi kati ya mwaka 2008 na 2010, ikatengenezwa chati ya uzito wa mtoto tumboni.

Maoni yetu ni kwamba neno "kwa asili" linatumika kupita kiasi. Mara nyingi mtoto mdogo ni mtoto ambaye mama yake aliugua malaria, au alikosa damu, au alipalilia shamba tangu alfajiri kwa uji mtupu.

KIDOGO NA KIKUBWA

Kondo la nyuma likishindwa kazi, kwa malaria au kwa shinikizo la damu, mwili wa mtoto hufanya jambo la kustaajabisha. Huugeuza mkondo wa damu uende zaidi kwenye ubongo, na viungo vingine vikasubiri. Katika picha utaona kichwa kinaendelea kukua huku tumbo limebaki nyuma. Mpimaji anayetazama kichwa peke yake atasema yote ni mazuri, kumbe mtoto ana njaa. Ndiyo sababu HC na AC husomwa pamoja. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria mnavyopewa kliniki, pamoja na chandarua, vinalinda kondo hilo.

Kichwa chenyewe kikibaki chini mno, kiasi ambacho kwa hesabu ya chati angekutwa nacho mtoto mmoja hivi katika elfu, hapo hofu huwa ya kweli. Sababu ni nyingi: kaswende, rubela, magonjwa ya kurithi, na pombe. Mnamo mwaka 2015 na 2016 dunia ilishtushwa na watoto wa Brazil waliozaliwa na vichwa vidogo kwa sababu ya virusi vya Zika, jina lililotokana na msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, ambako virusi hivyo vilipatikana mwaka 1947. Lakini kwetu tusiangalie mbali. Ulanzi, komoni na gongo hufika kwa mtoto kupitia kondo, na hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Anayemwambia mjamzito kwamba pombe ya kienyeji huongeza maziwa anamdanganya. Ampe togwa ya siku hiyo, au uji.

Kichwa kikubwa nacho mara nyingi ni cha ukoo tu. Tazameni kofia ya baba kabla ya kuogopa. Lakini vyumba vya maji ndani ya ubongo vikipita milimita 15, hicho ni kichwa kujaa maji, na mara nyingine huambatana na mgongo wazi. Mwaka 1986 Nicolaides na wenzake wa London walieleza kwamba mtoto mwenye mgongo wazi huonyesha kwenye picha kichwa chenye umbo la limau na ubongo mdogo wa nyuma uliojikunja kama ndizi, nao wapimaji hutafuta dalili hizo hadi leo. Tunaitafuta hali hiyo ili mtoto azaliwe mahali panapofaa na apelekwe mapema kwa wapasuaji. Taasisi ya MOI pale Muhimbili hutibu vichwa vikubwa na mgongo wazi, na kule Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 upasuaji wa kufungua njia ya maji ndani ya ubongo bila mtoto kubaki na mpira mwilini maisha yake yote.

Mfereji wa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati akina mama wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya FEFO vya kliniki vina foliki asidi, lakini vikianza mwezi wa tano vimechelewa kwa kazi hiyo, ingawa vinahitajika bado kwa ajili ya damu. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka unga wa viwanda vikubwa utiwe virutubisho hivyo. Sisi wa Ruvuma mahindi tunalima wenyewe na kusaga mashine ya kijijini, kwa hiyo virutubisho vya kiwandani havitufikii wengi wetu. Mwanamke anayetarajia kupata mimba na aombe foliki asidi mapema, na maharage ya Mbinga na mboga za majani visikose sufurianI kwake.

AKILI HAIPIMWI

Turudi kwa swali la akina mama. Hapana, picha haipimi akili. Mfano ulio karibu nasi ni madini joto. Wazee wanakumbuka jinsi watu wenye rovu walivyokuwa wengi katika milima ya kwetu. Mama aliyepungukiwa madini joto huweza kuzaa mtoto mwenye kichwa cha kipimo kizuri kabisa, na shuleni akawa mzito wa kuelewa, au akawa kiziwi. Altrasaundi isingeona kitu. Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi itiwe madini joto, lakini bado inauzwa chumvi ya magunia isiyo nayo. Nunueni iliyoandikwa, na muifunike, maana madini hayo hupotea kwa jua na unyevu.

Vilevile mtoto mwenye vipimo vyote vizuri huweza kuumia ubongo kwa kukosa hewa siku ya kuzaliwa, ikiwa uchungu umevuta siku mbili nyumbani. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2018, uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala, ulipeleka altrasaundi katika vituo vya vijijini ili kuona kama vifo vitapungua. Havikupungua, na wajawazito hawakuongezeka kliniki wala hospitalini kujifungua. Hatukushangaa. Mashine haina miguu ya kumpeleka mama hospitali. Hata hivyo hatukati tamaa nayo, kwani mwaka 2022 jirani zetu wa Zambia, wakishirikiana na Wamarekani, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kukadiria umri wa mimba kwa kupitisha tu kifaa cha bei nafuu juu ya tumbo. Kikifika kwenye zahanati zetu, tatizo la kalenda ya mahindi litapungua.

Kwa sasa, mama, ukienda kupiga picha beba kadi yako ya kliniki. Omba HC, AC na wiki za mimba viandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, kwa sababu karatasi zile hufifia na kupotea. Ukiambiwa kichwa si sawa, uliza mambo mawili: umri wa mimba umejulikanaje, na nirudi lini kupimwa tena.

Na baada ya kuzaa, utepe wa kawaida unachukua kazi ya mashine. Mtoto wa miezi tisa huzaliwa na mzingo wa sentimita 34 hivi. Kule Mbale, Daktari Warf aliona kwamba kwa zaidi ya nusu ya watoto wenye vichwa vikubwa ugonjwa ulitokana na maambukizi, mengi yakiwapata katika wiki za kwanza za maisha. Watoto wa namna hiyo tumboni walikuwa wazima. Kitovu kisipakwe samadi wala majivu. Mtoto akipata homa katika mwezi wa kwanza, au utosi ukivimba, au macho yakitazama chini kama jua linalozama, au kofia iliyomtosha Jumapili iliyopita ikikataa kuingia Jumapili hii, mleteni siku hiyohiyo.